Mti wa mpini: Ugumu si kudumu

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa Keroka, ameniletea swali linaloonekana dogo. Anauliza: sehemu ya kisu tunayoishika kwa kiganja ni mpini, kipini, kishikio au mkono? Kisha akaongeza jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo swali lenyewe. Yeye ni mkulima wa chai. Panga lake la kupogolea limevunjika mpini mara mbili msimu huu, na anashangaa kwamba la marehemu babake, lenye mpini wa mti asioujua jina, bado linaning'inia ukutani likiwa zima kabisa.

Nianze na lugha, kisha twende kwenye miti. Kishikio ni neno pana: mlango una kishikio, sanduku lina kishikio, hata kikombe. Mkono utaeleweka, ila sufuria ndiyo hasa yenye mkono. Mpini ni wa kifaa chenye chuma upande mmoja na mti upande wa pili: jembe, shoka, nyundo, kisu. Kipini ni mpini mdogo, kwa hiyo ukiliita la kisu kipini hujakosea, lakini ukilitamka neno hilo kule Lamu au Mombasa kuna watakaotazama pua ya binti kwanza, maana kipini pia ni pambo la puani. Mkuki, tazama, hauna mpini. Una uti, kama mgongo ulivyo na uti wake.

Mpini ni neno la kale sana. Si la mkopo kutoka Uarabuni, Ureno wala Uhindi. Mchewa wa Malawi husema mpini, Mzulu husema umphini, Mnyarwanda husema umuhini, Mganda husema omuyini. Ile p ya asili imebaki p kwa wengine, ikalainika ikawa h kwa Wanyarwanda, na kwa Waganda ikazidi kulegea. Maana yake ni kwamba lugha hizi, zilizotengana zamani mno, zimebeba neno lile lile kwa kitu kile kile. Wanyarwanda wana methali isemayo umuhini mushya utera amabavu, yaani mpini mpya hutoa malengelenge. Aliyewahi kulima siku nzima kwa jembe lililotiwa mpini jana hahitaji kufafanuliwa. Kiswahili nacho kinasema shoka lisilo mpini halichanji kuni.

Ila kisu si makali na mpini tu. Muhula uliopita niliingia darasani na kisu cha zamani nikawaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wanitajie sehemu zake. Makali waliyajua. Ncha waliijua. Bapa, yaani ule ubavu mpana wa chuma, wachache waliubahatisha. Ala waliichanganya na ala za muziki, na hilo si neno moja na jingine kwa kweli, ni maneno mawili yanayofanana umbo. Tulipofika pale chuma kinapoingia ndani ya mti, kimya. Mmoja akasema, "Ni kile kichuma cha ndani, mwalimu." Kinaitwa msuka. Na ile pete ya chuma au shaba inayoubana mti pale msuka unapoingilia ili usipasuke huitwa noleo. Maneno haya yamo kamusini, hayajafa, lakini yamelazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Siwalaumu vijana. Kisu walichokijua tangu utotoni kina mpini wa plastiki uliomiminwa juu ya chuma kiwandani. Noleo halipo, msuka hauonekani. Mtu hawezi kuita kwa jina kitu ambacho hajapata kukiona.

Sasa, kuna upotevu mwingine wa maneno ambao unatuumiza zaidi kuliko noleo. Mkulima wa Nyamira akitaka mpini, leo atauliza, "Ni mti gani mgumu?" Na hapo ndipo anapopotea. Neno gumu limebebeshwa mizigo minne. La kwanza ni ugumu wenyewe: mti usiobonyea ukiugonga. La pili ni uzito. La tatu ni unyumbufu, yaani uwezo wa mti kupokea kishindo, ukapinda kidogo, ukarudi bila kukatika. La nne ni kudumu: mti usiooza, usiobunguliwa na fukusi, usiopasuka miaka ikipita. Sifa hizi nne hazitembei pamoja. Mti unaweza kuwa mgumu kama jiwe lakini ukakatika kama muwa mkavu. Mwingine ni mwepesi, lakini mchwa hawaugusi. Kwa kisu cha jikoni, unyumbufu si kitu kikubwa, kwa sababu hakipigi kishindo. Kinachotakiwa ni mti wenye nyuzi zilizoshikana, usiokunywa maji na usiocheza unapokauka. Kwa panga la kupogolea chai, ambalo hushuka kwa nguvu juu ya shina la kidole gumba siku nzima, unyumbufu ndio wa kwanza. Kwa hiyo mti uliomfaa mama akikata chinsaga si lazima umfae mwanawe shambani.

Wazee wa Gusii hawakuwa na maabara, lakini walizitenganisha sifa hizi kwa majina ya miti yenyewe. Jina la mti lilikuwa pia ni maagizo ya matumizi. Kiswahili cha pwani kina mfano mzuri: ule mti wenye maua mekundu ambao sisi kwa Ekegusii tunauita omotembe, Waswahili wanauita mwamba-ngoma. Jina limeshakwambia kila kitu. Ni mti mwepesi, laini, unaochongeka na kutobolewa bila taabu, ngoma ikawambwa juu yake. Mtu aliyelelewa akilisikia jina hilo hangeupeleka kwa mhunzi akitaka mpini. Angalichekwa.

Mpini mzuri ulitoka kwingine. Katika misitu ya nyanda za juu za Kenya miti iliyosifiwa kwa kazi hii ilikuwa michache. Mmojawapo ni mzeituni mwitu, ambao Agikuyu wanauita mutamaiyu na Wamaasai oloirien. Ukiukata ndani una moyo wa hudhurungi wenye mistari myeusi na mafuta yake yenyewe. Uzito wake unakaribia kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo, yaani unakaribiana na maji. Mwingine ni mti ambao wataalamu wanauita Prunus africana, ule ambao gome lake huuzwa ng'ambo kutengeneza dawa ya tezi dume, na ambao tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Mbao zake ni nzito, nyekundu, na zilitumika kwa mipini ya mashoka na majembe. Wa tatu ni mti mdogo wa chini ya msitu, Teclea nobilis, mweupe, wenye nyuzi laini zilizobanana, ambao jamii nyingi za Kenya ziliupenda kwa bakora na mipini. Huu wa tatu ndio wenye unyumbufu.

Hawa wazee walikitoa wapi chuma? Hapa historia ya Gusii ina sura ambayo vitabu vya shule huipita kwa kasi. Marehemu Profesa William Ochieng', katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, alionyesha kwamba watu wa milimani hawakuwa wakulima waliojifungia. Wahunzi wao walifua majembe, mashoka, visu na mikuki, na vifaa hivyo vilishuka hadi kwa Waluo wa nyanda za ziwa vikabadilishwa kwa mifugo na bidhaa nyingine. Ukitazama biashara ya vyuma Afrika Mashariki kwa jumla, kwa mfano majembe ya Unyamwezi yaliyotembezwa mbali kwa matita na hata kulipiwa mahari, utaona jambo moja: chuma kilisafiri, mti ulibaki. Jembe liliuzwa kama bapa lenye msuka. Mnunuzi alijitilia mpini kwa mti wa kwao. Ndiyo maana mpini, kuliko makali, ndio unaokwambia kifaa kilikaa wapi na mwenyewe alijua nini.

Namna ya kuutia ilikuwa moja karibu kila mahali. Msuka uliwekwa motoni mpaka ukawa mwekundu, kisha ukasukumwa ndani ya mti mkavu. Ulijichomea tundu lake mwenyewe, ukatoa moshi na harufu, na mti uliozunguka tundu ukakaukia pale pale kwenye umbo la chuma. Kila neno katika sentensi hiyo lina uzito, hasa neno mkavu. Mti mbichi hupungua upana unapokauka. Urefu wake haubadiliki sana, bali upana ndio husinyaa. Ukitia msuka kwenye mti mbichi, baada ya wiki tatu tundu limekuwa si lile, mti umepasuka au umelegea. Dawa ya haraka tunaijua sote: lala na jembe ndani ya ndoo ya maji, asubuhi limekaza. Lakini wapi! Mti uliovimba huku umebanwa na chuma hujivunja nyuzi zake wenyewe, na ukikauka tena unalegea kuliko jana. Anayelowesha mpini kila jioni anaumaliza kila jioni.

Kwa sababu hiyo matawi ya mipini hayakukatwa siku ya kuhitajika. Yalikatwa mapema, yakaachwa yakauke polepole kivulini au juu ya uchaga wa meko, moshi ukayakinga na fukusi. Tata, yaani baba (kwetu neno "baba" ni mama, na hilo lina makala yake), alikuwa na fimbo tano sita juu ya meko wakati wowote, zimekuwa nyeusi kwa masizi, na hakuna mtoto aliyethubutu kuzigusa ingawa kuni ziliisha.

Reli ilipofika Kisumu Desemba mwaka 1901, na baadaye bidhaa zikawa zinavuka ziwa hadi Kendu Bay na kupanda Kisii kwa barabara, chuma cha mhunzi kilipata mshindani ambaye hakikumweza. Majembe ya kiwanda cha Chillington cha Wolverhampton, yenye nembo ya mamba, yaliuzwa Afrika kote. Mhunzi alishindwa bei. Lakini jembe la mamba nalo lilikuja bila mpini, kwa hiyo ujuzi wa mti ulibaki salama kwa kizazi kingine au viwili. Kisu ndicho kilichovunja mnyororo, kwa sababu kisu kilikuja kamili, mpini juu yake. Mtu hakuwa tena na sababu ya kwenda msituni.

Na mipini hiyo iliyotoka Ulaya ilikuwa ya nini? Hapa nawaomba mnivumilie tutoke Gusii kidogo, maana jambo dogo kama kishikio cha kisu limewahi kufanya makubwa katika bara hili. Karne ya 19 mafundi wa visu wa Sheffield, Uingereza, walitia visu vya mezani vya matajiri mipini ya pembe za ndovu, na soko kubwa la pembe za Afrika Mashariki lilikuwa Zanzibar. Pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara kwa miezi zilikwenda kuwa, miongoni mwa mambo mengine, vishikio vya kukatia nyama choma ya Jumapili London.

La pili ni la karibu zaidi na linauma zaidi. Jambia, neno tulilolipata kwa Waarabu na linalotokana na ubavu, kwa kuwa huvaliwa kiunoni, huheshimiwa Yemen na Oman si kwa makali yake bali kwa mpini. Mpini wa fahari kabisa ni wa pembe ya kifaru. Miaka ya 1970 vijana wengi wa Yemen walikwenda kufanya kazi kwenye nchi za mafuta za Ghuba, wakarudi na pesa, na kile kilichokuwa cha wakubwa peke yao kikawa cha kila mwenye uwezo. Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 400. Sehemu ya pembe hizo ilikwenda Asia ya Mashariki kwa dawa, lakini sehemu kubwa iliishia kwenye mipini ya majambia ya Sanaa. Mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyeishi Nairobi hadi alipouawa mwaka 2018, alitumia miaka mingi akifuatilia soko hilo na kuwashawishi mafundi wa Yemen watumie pembe za nyati wa majini badala yake. Yemen ilipiga marufuku uingizaji wa pembe za kifaru mwaka 1982. Kwa hiyo mtu akikwambia mpini ni kitu kidogo, mwambie akahesabu vifaru.

Turudi milimani. Wakati ule ule chuma cha kigeni kilipokuwa kikiingia, miti ya kigeni nayo iliingia. Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 kutoa kuni za garimoshi. Muwati, nao wa asili ya Australia, ulifuata kwa ajili ya gome lake lenye dawa ya kukausha ngozi, na ukapendwa Gusii kwa kuni na nguzo. Baadaye grevilea ikaja kwa kivuli cha kahawa na mipaka ya mashamba. Miti ya asili ilirudi nyuma. Si kwamba watu waliichukia, ardhi haikuwepo. Sensa ya mwaka 2019 ilipata watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita mraba, na watu 605,576 Nyamira. Katika ekari moja yenye chai, migomba, mahindi, ng'ombe na kaburi la babu, hakuna nafasi ya mti unaochukua miaka 60 kukomaa. Mkaratusi unakatwa baada ya miaka michache, na viwanda vya chai, kuanzia Nyansiongo na Kebirigo hadi Nyamache na Ogembo, vinahitaji kuni za kuchemshia maji ya kukaushia majani. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito. Ukipita mabonde ya Gusii leo utajionea mwenyewe ni nani aliyeshinda.

Mwezi jana nilipita soko la Daraja Mbili mjini Kisii nikiwa na swali la msomaji wangu mfukoni. Pembeni mwa soko wapo mafundi wanaotoa mipini ya plastiki iliyovunjika kwenye mapanga mapya na kutia ya mti, wanabana kwa misumari waliyoikata na kuifua pande zote mbili. Nilimuuliza mmoja, kijana wa miaka 30 hivi, anatumia mti gani.

"Profesa, ukitaka panga la kukaa, niletee mpera," akasema. "Lakini uwe mkavu."

"Mkaratusi je? Si mgumu?"

"Ni mgumu, lakini hauna subira. Ukikauka unapasuka wenyewe usiku, unausikia ukilia. Asubuhi unapata ufa."

"Na grevilea?"

Alicheka tu. Mzee aliyekuwa ameketi kando akinoa shoka ndiye aliyejibu, kwa Ekegusii, kwamba ule ni mti wa kutengenezea viti vya wageni wasiorudi.

Katika jibu la yule kijana mna utenganisho ule ule nilioutaja: mkaratusi ni mgumu, haudumu. Hajaupata chuoni. Nilipomwonyesha ile pete ya chuma kwenye kisu changu na kumuuliza jina lake, akasema ni ringi. Huzikata kutoka mabomba ya maji yaliyochakaa. Nikamwambia Kiswahili chake ni noleo, akalirudia mara mbili, akasema ni jina zuri la mtoto.

Mpera anaousifu ni mgeni pia. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na jina lake tumelipata kwa Wareno, ambao kwao pera ni tunda jingine la Ulaya lenye umbo la kufanana. Umesafiri bahari mbili, umeingia kwenye ua wa kila boma la Gusii bila kupandwa, ndege na watoto ndio waliousambaza. Kwa mpini una mambo mazuri matatu. Matawi yake ni ya unene wa kiganja tayari, hayahitaji kupasuliwa mbao. Nyuzi zake zimesukana, hazifuati mstari mmoja, kwa hiyo ufa ukianza haupati njia. Na ukiushika muda mrefu unang'aa, hautoi vibanzi. Udhaifu wake ni kwamba ukiachwa kwenye unyevu unaoza, na ukiachwa na gome fukusi huingia. Wa panga la chai ambalo hurudi nyumbani jioni likaning'inizwa, huo unatosha.

Kule Tabaka mambo ni magumu zaidi. Wachongaji wa jiwe la sabuni hufanya kazi na jiwe lililoloweshwa ili lisitoe vumbi jingi na likatike vizuri. Jiwe lenyewe ni laini, linakwanguliwa hata kwa ukucha, kwa hiyo makali ya kisu si shida kubwa. Shida ni mpini: unalowa asubuhi, unakauka mchana, unalowa tena, na unga wa jiwe unajipenyeza kila ufa. Hakuna mtihani mkali wa mpini kuliko huo. Hapo mpera hauwezi kukaa sana. Kinachotakiwa ni mti wenye mafuta yake, usiokunywa maji, yaani mzeituni mwitu au mpingo, na yote miwili huwezi kuipata Tabaka bila kununua kwa bei ya kuumiza. Mpingo, ambao una uzito wa zaidi ya kilo 1,200 kwa mita ya ujazo na huzama majini, ni mti wa Ukambani, pwani na Tanzania. Wakamba wenyewe, waliojenga kazi nzima ya uchongaji Wamunyu juu ya mpingo, waliukata mpaka wakalazimika kuhamia kwenye mizeituni, kisha jakaranda na mwarobaini.

Hata hivyo upo mti mmoja Gusii ambao watu wanauchoma moto kila mwaka bila kuufikiria. Nao ni mbuni. (Sina haja ya kusema kwamba simaanishi yule ndege, wala usiuite mkahawa, maana mkahawa ni mahali unapokunywa, si mti unaochuma.) Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Kenya ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kulima kahawa, katikati ya miaka ya 1930, baada ya walowezi kuipinga kwa muda mrefu. Mashina ya kale yamekomaa kwa miongo. Tangu mfumo wa kimataifa wa kugawana soko uporomoke mwaka 1989 na bei kuanguka, wakulima wengi wamekuwa wakiing'oa mibuni kupanda chai, mahindi na migomba. Shina lake ni jembamba, jeupe kwa manjano, zito, nyuzi zake zimebanana hata huzioni kwa jicho. Seremala wa nyumba hana haja nalo kwa sababu halitoi ubao. Fundi wa visu angelihitaji hasa, kwa kuwa mpini wa kisu hauzidi urefu wa kiganja na vidole viwili. Na bado lile shina linaingia mekoni likachemsha chai.

Sasa nirudi kwenye malalamiko yangu ya kazi. Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili utafute mti wa bara. Utaambiwa: aina ya mti. Ukibahatika: aina ya mti mgumu unaotoa mbao. Kwa mtunga kamusi aliyeketi ofisini hiyo ni tafsiri ya kutosha. Kwa mkulima wa Keroka haina faida hata ya shilingi. Gumu kwa maana ipi kati ya zile nne? Unafaa mpini au unafaa ngoma? Unaoza ardhini baada ya mvua mbili au baada ya miaka ishirini? Wapwani walipouita mti mwamba-ngoma walikuwa wametunga ingizo la kamusi bora kuliko letu, kwa neno moja. Tumekuwa hodari wa kuunda istilahi za kompyuta, na sina ugomvi na kompyuta, lakini istilahi za vitu ambavyo mikono yetu inashika kila siku tumeziacha zife pamoja na walio nazo. Na si istilahi tu. Mti ukipoteza jina lake la kazi, unabaki kuni, na kuni hazina mtetezi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Keroka, ule mpini wa marehemu babako usiutupe hata makali yakiisha. Ukwangue masizi mahali padogo kwa kisu kikali, uutazame rangi ya ndani, uupime uzito kwa kuuweka majini. Ukizama au ukielea kwa shida na ndani ukawa na mistari ya giza, huenda ni mzeituni. Ukiwa mwekundu mzito, Prunus. Ukiwa mweupe na laini kama mfupa, tafuta mti mdogo wa majani matatu kwenye ua wa zamani. Kwa panga jipya, kata tawi la mpera lililonyooka sasa hivi kabla ya mvua, litoe gome, paka ncha zote mbili nta au mafuta ya ng'ombe ili lisipasuke, uliweke kivulini miezi mitano au sita. Kisha chomea msuka, na usisahau noleo.

Na wale wasomaji wa Borabu, Bobasi, Nyaribari na Bomachoge ambao bado wana mpini wa kale nyumbani, niandikieni jina la mti wake kwa Ekegusii na kazi ambayo wazee waliupa. Msiniandikie kwamba ni mti mgumu.